Kabla ya kulipia haiki ya Mlima Kenya, uliza: Nikiugua, nani atashuka nami?

BANGO linaingia kwenye kundi la WhatsApp Jumatatu asubuhi, wewe ukiwa umebanwa ndani ya matatu ukielekea kazini. Ziwa la rangi ya anga, kuta za mawe pande zote, hema la manjano kando ya maji. Siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili: Lake Ellis, Gorges Valley, Lake Michaelson. Usafiri, chakula na mwelekezi, vyote ndani. Nafasi tano zimesalia. Kufikia saa nne marafiki zako wawili wameshatuma pesa na wanakuuliza, "Sasa wewe, uko ndani ama hauko?"

Kabla hujafungua M-Pesa, tulia kidogo. Sikukatazi kwenda. Mahali hapo papo kweli, na ni pazuri kuliko hiyo picha. Ila bango hukuuzia kufika tu. Kurudi hakumo kwenye picha, na huko ndiko unakopaswa kulipia.

Mnaelekea wapi hasa?

Njia ya Chogoria hupanda Mlima Kenya kutoka upande wa mashariki, kaunti ya Tharaka Nithi. Kutoka Nairobi mnapitia Embu, Runyenjes na Chuka. Mkifika mji wa Chogoria mnashuka kwenye matatu yenu na kuingia Land Cruiser, maana kilomita takriban 30 za kufika lango la mbuga ni barabara ya udongo inayokata msituni. Mnapita mashamba, kisha miti mikubwa, kisha mianzi. Langoni mko kama mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, na tayari unatafuta sweta.

Lake Ellis liko juu ya hapo, karibu mita 3,450, kwenye uwanda wazi wa nyasi ndefu ambapo upepo haukosi. Siku ya pili njia inafuata Mto Nithi, inapita maporomoko ya Vivienne na kuingia Gorges Valley. Korongo hili lilichongwa na barafu. Zamani mto wa barafu ulikuwa ukiteremka hapa taratibu, ukikwangua mwamba chini na pembeni, ndiyo maana bonde lina sakafu pana na kuta zilizosimama. Barafu ilipoyeyuka iliacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Lake Michaelson ni mojawapo, karibu mita 3,950, na juu yake kuna jabali liitwalo The Temple, ukuta wa takriban mita 300. Ukisimama chini yake ukaita jina lako, mwamba unakujibu.

Utaona lobelia ndefu kukuliko na mimea mingine yenye shina nene na majani kama ya kabeji, iliyovaa majani yake makavu kama koti ili isigande usiku. Hii ni Hifadhi ya Kitaifa tangu 1949, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Turathi za Dunia mwaka 1997. Wewe umezaliwa saa chache kutoka hapo. Kwa hivyo ndio, nenda. Nenda tu ukijua unachokilipia.

Kichwa kinapoanza kugonga

Tuseme umelipa na mmefika. Ijumaa usiku mko Lake Ellis. Asubuhi hiyo ulikuwa Nairobi, karibu mita 1,800. Umepanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, nyingi ukiwa umekaa ndani ya gari, na mwili wako bado haujapata habari.

Saa tatu usiku kichwa kinaanza kugonga. Ugali na mchuzi uliokuwa ukiungoja tangu mchana unakutia kichefuchefu. Unageuka geuka usiku kucha. Asubuhi mwelekezi anauliza, "Kila mtu yuko sawa?" Nyote 14 mnajibu kwa sauti moja, "Sawa!" Nawe umo kwenye sauti hiyo.

Hapo ndipo safari inapoweza kuharibika, na ziwa la pili hata hamjaliona.

Sababu za kudanganya tunazijua sote. Umelipa pesa nyingi. Hutaki kuwa yule msee aliyerudisha kundi nyuma. Unajua kundi la WhatsApp litakutengenezea stika kufikia Jumatatu. Halafu kuna wale marafiki wawili waliokuleta, wanaokuangalia. Aibu ni mzigo mzito, na wengi huona heri kuubeba huo kuliko kusema, "Kichwa kinaniuma."

Sasa sikia. Ugonjwa wa mwinuko humpata mtu yeyote anapopanda haraka kupita mita 2,500 hivi. Juu, kila pumzi unayovuta ina oksijeni kidogo, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Mazoezi hayakukingi. Anayekimbia kilomita 10 kila Jumamosi msitu wa Karura anaweza kuugua, na mwenzake asiyekimbia hata akifukuzwa na mbwa akawa mzima. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Ukizisema mapema, dawa yake mara nyingi ni rahisi: usipande zaidi, pumzika, kunywa maji, ngoja. Ukizidiwa, shuka.

Ukizificha ukaendelea kupanda, mambo yanaweza kugeuka. Maji yanaweza kuingia kwenye mapafu, au ubongo ukavimba. Mtu anakosa pumzi hata akiwa ameketi. Anakohoa bila kukoma. Anayumba kama mlevi, anajibu maswali ovyo. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, hiyo si stori ya kungoja asubuhi. Anashuka sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, na hashuki peke yake. Kuteremka hata mita mia chache huweza kuokoa maisha. Helikopta haiwezi kutegemewa, kwa sababu ukungu wa mlimani haujui dharura.

Na zile tembe za kichwa kwenye mkoba wako? Zinaweza kutuliza maumivu, lakini hazikupi ruhusa ya kuendelea kupanda. Kuna pia dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hiyo ni ya kuzungumza na daktari kabla ya safari, sio ya kuombana hemani. Pombe iache nyumbani. Itaonja utamu zaidi Jumapili usiku.

Swali moja kubwa

Sasa rudi kwenye lile bango. Limesema kuna mwelekezi. Mmoja. Kundi lenu ni watu 14. Jumamosi saa sita mchana, katikati ya korongo, mmoja wenu anaanza kuyumba. Mwelekezi akishuka naye, nyinyi 13 mnabaki na nani? Akibaki nanyi, mgonjwa anashuka na nani? Na rafiki yako aliyekuja kupiga picha, anaijua njia?

Hesabu hiyo ndiyo roho ya safari ya kikundi. Kundi si watu 14 waliolipa siku moja. Kundi ni watu wanaoweza kugeuka kwa ajili ya mmoja bila wengine kupotea. Kwa hivyo muulize mwandalizi: nikiugua, nani atashuka nami? Jibu zuri lina watu ndani yake: waelekezi wawili au zaidi, wenyeji wanaoujua mlima huo, mmoja mbele na mwingine nyuma ya yule anayetembea polepole kuliko wote. Lina pia gari linalongoja mahali panapojulikana. Jibu baya ni "Usijali, hatujawahi kupata shida."

Ukishajibiwa hilo, uliza mengine manne.

Usiku wa kwanza tunalala wapi? Kulala langoni kabla ya kwenda Ellis kunaupa mwili nafasi. Kanuni inayofuatwa na wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali unapolala leo na utakapolala kesho. Ukiona ratiba inawatoa Nairobi alfajiri na kuwalaza Michaelson usiku huohuo, hiyo si safari, ni kamari.

Ada za mbuga mmelipaje? KWS hupokea ada kwa njia ya kidijitali, sio pesa taslimu langoni. Mwandalizi wa kweli hana tatizo kukuonyesha risiti.

Dereva ni nani, na tunarudi saa ngapi? Hili watu husahau, kumbe hatari nyingine iko barabarani. Mto Nithi uleule unaoufuata juu korongoni huvukwa na barabara kuu ya Embu kwenda Meru kwenye daraja lenye historia chungu. Julai 2022, zaidi ya watu 30 walifariki basi lilipotumbukia hapo. Dereva aliyekesha mlimani akiota moto na nyinyi hafai kuwarudisha Nairobi usiku.

Mvua ikinyesha, tunafanya nini? Miezi ya kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, ni ya mvua. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, huwa na nafuu, ingawa mlimani mawingu huja mchana bila kubisha hodi. Ndiyo maana waelekezi hupenda kuanza mapema. Na ukiwa kwenye makorongo, kumbuka mvua si lazima ikunyeshee wewe. Septemba 2019, watu saba walifariki kwenye korongo jembamba la Hell's Gate, Naivasha, maji yalipowafika ghafla. Gorges Valley ni pana kuliko hapo, lakini mto ni mto. Mwelekezi akisema hatuvuki, hatuvuki.

Mkoba wako

Jinzi ziache nyumbani. Zikilowa hazikauki, na nguo mbichi kwenye upepo wa mita 3,900 inaweza kuushusha joto mwili hadi mtu aanze kutetemeka na kuongea kama aliyelewa. Beba suruali nyepesi inayokauka haraka, sweta la sufu au la kitambaa kizito, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, glavu, na soksi kavu ambazo huzigusi hadi usiku. Usiku baridi inaweza kushuka chini ya sufuri. Utaamka ukute umande umekuwa barafu juu ya hema.

Tochi ya kichwani, sio ya simu. Simu yenyewe ilaze nawe ndani ya begi la kulalia, kwa sababu baridi hunyonya chaji. Chupa ya maji iwe ya chuma au ile ngumu ya kutumia tena. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga zetu tangu Juni 2020, na wewe hutaki kubishana na afisa langoni juu ya chupa ya shilingi 50. Viatu viwe ulivyovitembelea tayari. Viatu vipya vya Ijumaa ni malengelenge ya Jumamosi.

Na wapagazi, wale vijana wa Chogoria wanaobeba hema lako na sufuria zenu: wajue majina, kula nao, uliza kama wana pa kulala pakavu. Wengi ni rika lako. Wakati mwingine wao ndio watakaokuwa upande wa pili wa machela.

Ukisema kweli

Turudi Jumamosi asubuhi. Mwelekezi ameuliza kama kila mtu yuko sawa. Safari hii unainua mkono. "Mimi siko sawa. Kichwa, na sijala tangu jana."

Kimya kidogo. Halafu mwelekezi wa pili anaweka mkoba wake chini na kusema, "Poa. Mimi na wewe tunabaki." Mnangoja. Kichwa hakitulii, kwa hivyo mnashuka mpaka langoni, pole pole, mkipiga stori. Kufikia mchana njaa imerudi na unaomba chapati ya pili.

Jumapili wenzako wanateremka wakiwa na matope hadi magotini na picha kibao za Michaelson. Watakucheka, ndiyo. Watakuita Meneja wa Lango mwaka mzima. Halafu, mkiwa karibu kufika Embu, mmoja wao atakusogelea akwambie kwa sauti ya chini kwamba hata yeye kichwa kilimuuma usiku ule, ila aliogopa kusema.

Kwa hivyo rudi kwenye simu yako. Usitume pesa bado. Mwandikie mwandalizi ujumbe mmoja: "Nikiugua, nani atashuka nami?" Akikujibu kwa jina la mtu, lipa. Akikujibu kwa emoji ya kucheka, hiyo pesa nunua koti la mvua, ungoje bango lingine.