DAFTARI LIKISEMA UONGO

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii siipingi hata chembe. Lakini je, daftari likiwepo nalo limejaa uongo? Maoni yangu ni kwamba hatari yake ni kubwa zaidi. Asiye na daftari anajua kuwa hajui, ilhali mwenye daftari la uongo hukata mashauri makubwa akidhani anajua.

Hebu tumtazame mwenye matatu. Akinunua gari, hilo ni rasilimali. Litamfaa miaka mingi, kwa hivyo bei yake hugawanywa katika hesabu za miaka hiyo. Petroli sivyo. Ikichomeka leo imekwisha, na ni sharti iandikwe kama gharama ya leo. Tuseme gari limeingiza sh. 12,000 kwa siku. Petroli ni sh. 7,000, dereva na utingo wamelipwa sh. 2,500. Kilichobaki ni sh. 2,500 tu. Sasa karani akiiandika petroli kana kwamba ni sehemu ya gari, faida inaruka hadi sh. 9,500! Mfukoni hakuna hata ndururu iliyoongezeka. Lakini mwenye gari akisoma daftari ataona mambo ni shwari, aende benki akope, anunue gari la pili. Hapo ndipo atakapokiona cha mtema kuni.

Usidhani haya ni ya kubuni tu. WorldCom, kampuni kubwa ya simu nchini Marekani, ilikuwa ikilipa kampuni nyingine ili kutumia nyaya zao. Malipo hayo ndiyo yaliyokuwa petroli yake. Biashara ilipozorota, wakubwa walihofia bei ya hisa ingeporomoka. Badala ya kuwaambia wenyehisa ukweli, waliamua tarakimu zibadilishwe. Mwaka wa 2001 malipo yale yakaanza kuandikwa kama rasilimali, na hasara ikavishwa nguo za faida.

Aliyeongoza kufichua mambo hayo ni Cynthia Cooper, mkaguzi wa hesabu wa ndani. Yeye na wenzake walipekua vitabu usiku, kimyakimya. Mnamo Juni 2002 kampuni ilikiri kuwa dola bilioni 3.8 ziliandikwa visivyo, na baadaye jumla ilifika takriban dola bilioni 11. Julai mwaka uo huo ikafilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Mwaka wa 2005 mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na mkuu wa fedha, Scott Sullivan, miaka 5.

Lakini walionigusa zaidi mimi ni wahasibu wa chini. Baadhi yao walijua wazi kuwa jambo hilo si haki, hata wakafikiria kujiuzulu. Wakatulizwa, wakabaki, wakaendelea kuandika robo mwaka baada ya robo mwaka. Kortini, kusema "bosi ndiye aliyeniagiza" hakukuwaokoa, wawili walifungwa. Naam, uamuzi ni wa meneja, lakini kalamu ni ya mhasibu.

Ndiyo maana taaluma hii ina kanuni za maadili, ambazo hapa Kenya husimamiwa na taasisi ya wahasibu, ICPAK. Zinadai uadilifu, kutopendelea, ustadi na uangalifu, kutunza siri na mwenendo mwema. Hiyo siri isitupotoshe: mhasibu hatangazi mambo ya mteja ovyo, lakini hana ruhusa ya kuuficha wizi.

Enyi wenzangu, hata sasa miongoni mwetu wamo waweka hazina wa vyama. Ukiambiwa, "Andika tu hivi, ni mara hii pekee," jiulize: je, atakayelisoma daftari hili ataujua ukweli? Kama jibu ni la, weka kalamu chini. Njia ya mwongo ni fupi.