Mtoto Mkimya si Mtoto Mzito

Mtoto anapoingia PP1 akiwa na miaka 4, mara nyingi hunyamaza mbele ya mwalimu. Wazazi wa Chepsaita, msikimbilie kusema ana akili nzito.

Miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Waliona watoto wa huko wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa sababu akina mama waliwafundisha makusudi. Mtoto hukua haraka upande anaozoezwa.

Lakini watoto walipoombwa na mtu mzima wasimulie hadithi waliyosikia, wengi walinyamaza. Nyumbani, watoto hao hao walitumwa, wakachunga mifugo na kulea wadogo zao. Walizoezwa kumsikiliza mkubwa na kutii. Ukimya wao ulikuwa adabu, si ujinga.

Kwa hivyo, mwalimu asimpime mtoto kwa maneno pekee. Ampe kazi ya mikono na amsikilize anapocheza na wenzake. Mzazi naye amuulize mtoto jioni, "Ndama alifanya nini leo?" kisha asubiri jibu bila kumkatiza.

Ikiwa mtoto hasemi hata na watoto wenzake, au hageuki anapoitwa, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Zungumza na mwalimu wa mtoto wako mapema, kabla hajabandikwa jina ambalo si lake.