Fangasi wa Miguu: Udhu, Viatu na Tiba Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

 Usiku wa leo tutazungumzia maradhi ambayo watu huyaonea haya: fangasi wa miguu. Wapo wanaojitenga na safu za tarawehe kwa kuchelea harufu ya miguu yao. Wapo pia wazee wetu wenye kisukari, ambao mpasuko mdogo baina ya vidole waweza kuwafungulia mlango wa balaa kubwa.

Maradhi haya huletwa na kuvu, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni tabaka ngumu ya juu ya ngozi, pamoja na kucha. Hustawi penye joto, giza na unyevu. Kwetu Pwani mtu hushinda na kandambili, miguu ikapata hewa mchana kutwa. Hapa Texas twashinda saa 10 au 12 ndani ya buti za ghalani au raba za hospitalini, na Houston huongezewa unyevu wa Ghuba ya Mexico. Kuvu huambukiza kwa sakafu zenye majimaji, na kwa kuazimana taulo, soksi na viatu.

Je, udhu ndio unaoleta maradhi? Hasha. Udhu husafisha, madhara hutoka kwa maji yanayobaki baina ya vidole kisha yakafungiwa ndani ya soksi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza sahaba Laqit bin Sabira aukamilishe udhu na apitishe kidole baina ya vidole. Ni hadithi hiyo hiyo inayotutaka tusizidishe kupandisha maji puani tukiwa na saumu. Katika madhehebu ya Shafii imependekezwa kutojifuta baada ya udhu pasipo haja; ikiwapo haja, kama baridi au maradhi, hapana ubaya. Basi mwenye fangasi haja anayo: akaushe kila upenu wa kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, ndipo avae soksi.

Dalili zake ni muwasho, ngozi nyeupe iliyolowa na kuchanika, hasa baina ya kidole kidogo na jirani yake. Wakati mwingine wayo mzima hukauka na kubambuka, mtu akadhani ni magaga tu.

Ama tiba, ipo madukani bila cheti cha daktari, kama vile Walgreens, CVS na H-E-B. Dawa ya kupaka ya terbinafine hupakwa baina ya vidole mara 2 kwa siku kwa wiki 1. Ya clotrimazole, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Osha, kausha, kisha paka. Usiache muwasho unapokoma, kwa kuwa kuvu huwa bado wamo ndani ya ngozi. Dawa ya ngozi haibatilishi saumu. Paka baada ya Alfajiri na baada ya tarawehe. Utando mzito ukibaki, uoshe kabla ya udhu ili maji yaifikie ngozi.

Jihadharini na krimu za hydrocortisone: hutuliza muwasho huku kuvu wakienea. Kitunguu saumu na dawa ya kufulia nguo huunguza ngozi. Kucha zilizonenepa na kugeuka rangi mara nyingi huhitaji vidonge, navyo huandikwa na daktari.

Mwenye kisukari asijitibu peke yake. Miguu yake huweza kufa ganzi, asihisi kidonda, na bakteria wakapenya kwenye mpasuko. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, au homa ikaingia, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiye na bima asikae nyumbani: Parkland ya Dallas, JPS ya Fort Worth na Harris Health ya Houston zina mipango ya kuwasaidia wakazi wa kaunti zao wenye kipato kidogo. Na daktari akimzuia maji, amwulize sheikh. Dini yetu ina rukhsa.

Kinga ni nyepesi: soksi safi kila siku, jozi 2 za viatu za kupokezana ili zikauke, na kandambili zako mwenyewe mahali pa kutilia udhu. Tukimwona ndugu ana maradhi haya, tumsitiri na tumwelekeze, wala tusimcheke.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.