Je, Wajua? Poka ya Mashine Mashindanoni
Je, wajua kwamba katika mashindano ya poka ya mashine, mchezo uliostawi katika majumba ya kamari ya Las Vegas, busara ya kila siku huweza kugeuka hasara? Achezaye kwa fedha yake, akipata wazungu wa nne wawili, mmoja wao wa shupaza, pamoja na mzungu wa tatu na wa pili wa shupaza hizo hizo, huishika jozi, maana walau hurudishiwa dau. Lakini mshindani aliyeachwa nyuma, ilhali dakika zinayoyoma na anayetunzwa ni mwenye hesabu kubwa tu, huivunja jozi ile pasipo huruma, akitafuta ree na kumi za shupaza, ambazo zikitimia humpa pointi 4,000 kwa dau la 5. Katika mchezo wa kawaida, mkono kama huo, wa shupaza au wa aina nyingine, huja takriban mara moja katika migao 40,000.