Kaswende Ikiingia Figoni: Kalamu ya Hospitali Nayo ni Dawa

Askari mmoja anaamka alfajiri na kukuta macho yamevimba. Jioni viatu vya kazi vinambana, na kidole kikibonyezwa mguuni huacha shimo. Mkojo wake unatoa povu jingi. Mkewe anadhani ni chumvi nyingi mbogani. Jirani ananong'ona kuwa amepigwa tego. Mgonjwa mwenyewe anakumbuka, lakini hasemi, kwamba miezi miwili iliyopita alikuwa na kidonda kisichouma katika sehemu za siri. Kilipona chenyewe, naye akahesabu kuwa yamekwisha.

Mfano huu si wa mtu fulani. Ni picha ya njia mojawapo ambayo kaswende huifikia figo.

UGONJWA WENYEWE

Kaswende, ambayo wazee waliijua pia kwa jina la sekeneko, huletwa na kijidudu chembamba kilichojisokota kama parafujo. Kiligunduliwa mjini Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Kwa kawaida kidonda cha kwanza hutokea yapata majuma matatu baada ya kuambukizwa. Kidonda hupona, lakini ugonjwa haujapona. Majuma au miezi baadaye huja hatua ya pili: homa, tezi kuvimba, na vipele ambavyo hutokea hata viganjani na nyayoni. Aghalabu ni katika hatua hii ndipo figo za wagonjwa wachache hudhurika.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Mwili unapopambana na vijidudu, mabaki ya vita hiyo hunasa katika kuta za vichujio hivyo. Protini, ambayo ilipaswa kubaki katika damu, huvuja na kutoka na mkojo. Maji nayo huhama kutoka katika mishipa na kujaa mwilini. Zamani waganga waliuchemsha mkojo kwa moto: ukiwa na protini nyingi, huganda mithili ya ute wa yai. Siku hizi kijikaratasi cha kupimia huonyesha jambo hilo kwa dakika chache.

Habari njema ni kwamba figo iliyodhurika kwa njia hii mara nyingi hurudia hali yake kwa majuma au miezi michache, ikiwa kaswende yenyewe itatibiwa. Mwaka 1943 Daktari John Mahoney wa Marekani alionyesha kuwa penisilini huiponya, na hadi leo ndiyo dawa iliyo mbele. Kwa kaswende changa mtu mzima hupewa dozi moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, kwa iliyokawia, dozi hiyo hutolewa mara tatu, kila juma moja. Mgonjwa akipata homa na maumivu katika saa 24 za kwanza, asidhani kuwa amedungwa sumu. Hali hiyo hutokea vijidudu vinapokufa. Amweleze mganga.

KALAMU IKIKOSEA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Mganga akiandika "uvimbe wa figo" tu, mgonjwa atapewa dawa ya kupunguza maji na kurudi kambini. Chanzo kitabaki damuni. Mkewe hataitwa kupimwa, na akiwa mjamzito, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na kaswende, ambayo huweza kumharibu figo yeye pia.

Ndiyo sababu mataifa yana orodha moja ya kuyapa magonjwa namba. Jacques Bertillon wa Ufaransa aliwasilisha orodha ya namna hiyo mwaka 1893, na tangu mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani ndilo linaloisimamia. Katika toleo la 10, kaswende ya kuzaliwa nayo ni A50, changa ni A51, iliyokawia ni A52. Figo iliyoharibiwa na kaswende iliyokawia hupewa namba mbili: A52.7 yenye alama ya jambia, inayotaja chanzo, na N29.0 yenye nyota, inayotaja kiungo kilichodhurika. Marekani wameichambua zaidi: kwao A51.44 ni ya figo katika hatua ya pili, na A52.75 ni ya kaswende iliyokawia katika figo na mirija yake. Toleo la 11 lilianza kutumika mwaka 2022, na nchi zinahamia humo.

Karani wa kumbukumbu hawezi kuitoa namba hiyo kichwani. Damu yenye kaswende na figo yenye ugonjwa vyaweza kukutana katika mwili mmoja bila kimoja kuwa chanzo cha kingine, kwani kisukari, shinikizo la damu na kichocho pia huharibu figo. Ni tabibu anayepaswa kuandika waziwazi: hatua ya kaswende, kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa wa figo, majibu ya damu na mkojo, dozi na tarehe yake, na siku ya kupima tena. Pasipo maneno hayo, karani amwulize tabibu, asibuni.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mgonjwa naye amweleze mganga habari za kidonda kile, hata kama kimepona. Faili lake ni siri ya matibabu, si la kusomwa mesini wala kunong'onwa dukani. Aende pamoja na mwenzi wake, wapimwe na kutibiwa wote wawili, maana kumtibu mmoja ni kuziba tundu moja la mtungi wenye matundu mawili. Mama mjamzito apimwe mapema anapoanza kliniki.

Uso uliovimba asubuhi na mkojo wenye povu si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.