Kweli au Uongo: Maneno ya Mtaani Kuhusu SSD ya Gemu

Siku ukitaka kununua SSD, kila mtu anageuka fundi. Bila shaka maneno haya umeshayasikia, pengine kwa mtu mmoja. Tuyapime.

"SSD inaongeza fremu."
Uongo. Fremu kwa sekunde ni kazi ya kadi ya grafiki na prosesa. SSD inapunguza kungoja. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, SSD ya SATA husoma kama 550, na za NVMe husoma maelfu. Hata hivyo, gemu zenye ramani kubwa hukwamakwama diski ikichelewa kuleta data, na hapo SSD inasaidia kweli. Starfield ya mwaka 2023, kwa upande wa kompyuta, inadai SSD.

"M.2 ni M.2, zote sawa."
Uongo, na ni wa kukutia hasara. M.2 ni umbo tu. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe. PS5 inataka NVMe ya PCIe 4.0, tena yenye kipoza joto, na kimo chake chote kisizidi milimita 11.25. M.2 ya SATA haiikubali. PS4 inatumia diski ya SATA ya inchi 2.5. Xbox Series X na S zina kadi yake maalumu inayochomekwa nyuma.

"Namba kubwa kwenye boksi, gemu inafunguka haraka zaidi."
Kweli nusu. Ukihama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD, tofauti utaiona mwenyewe. Ukihama kutoka megabaiti 7,000 kwa sekunde kwenda 14,000, kwenye gemu nyingi utahitaji saa ya kupimia ndipo uione. Kwa PS5, Sony inapendekeza 5,500 au zaidi. Na SSD ya PCIe 5.0 ukiipachika kwenye nafasi ya 4.0, itakwenda kwa mwendo wa 4.0. Afadhali hela hiyo uongezee ukubwa.

"SSD inakufa haraka."
Uongo kwa mchezaji wa kawaida. Ni kweli kwamba seli zake huchakaa kwa kuandikwa. Lakini SSD nyingi nzuri za terabaiti 1 hupewa dhamana ya kuandikwa hadi terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku ya Mungu, utafika huko baada ya miaka zaidi ya 30. Tena kucheza gemu, sehemu kubwa, ni kusoma.

"SSD ya USB inatosha kwa PS5."
Kweli nusu. Gemu za PS4 utazicheza humo bila shida. Za PS5 utazihifadhi tu. Ukitaka kucheza, sharti uzihamishie ndani.

"Nimenunua terabaiti 1, Windows inaonyesha 931. Nimeibiwa!"
Uongo. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichopotea.

"Rahisi ni ghali."
Kweli tupu, hapa wazee hawakukosea. Zipo SSD bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti kadhaa ilhali ndani kuna kumbukumbu ndogo. Kompyuta inaonyesha ukubwa wa uongo, unajaza mafaili, na ya zamani yanafutwa kimyakimya. Ukiona terabaiti nyingi kwa bei ya flashi, kimbia. Kama umeshanunua, ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla dhamana haijaisha: inaandika, inasoma tena, kisha inakwambia ukweli.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fungua kitabu cha mashine yako uangalie mambo matatu: umbo, SATA au NVMe, na toleo la PCIe. Muuzaji asiyeweza kukujibu hayo matatu, mwache na mzigo wake.