Ukibadilisha shimesikio, pimwa upya

Mvua ikianza kupiga mabati huku Mabatini, Mwanza, hata mwenye masikio mazima hulazimika kupaza sauti. Shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) lililorekebishwa vizuri huikata kelele hiyo isifikie kiwango cha kuumiza. Lililowekwa kwa kubahatisha humfanya mwenyewe alivue na kulitupia kabatini, na huko ndiko vifaa vingi huishia.

Kabla ya kutafuta jingine, hakikisha la zamani limekufa kweli. Kifaa kinachokaa nyuma ya sikio hudumu miaka 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Mara nyingi kinachodhaniwa kibovu kimezibwa na nta, au jasho la kupanda mawe ya mlimani limegeuka matone ndani ya mpira wake. Betri nayo ni ya zinki na hufanya kazi kwa hewa: bandua stika, isubiri kama dakika moja, ndipo uiweke.

Likiwa limekufa, usirithi la marehemu mjomba. Naelewa kwa nini watu hurithishana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma ya usikivu, na kwetu vifaa ni ghali. Lakini la mjomba lilipangwa kufuata usikivu wake. Anayepoteza sauti nyembamba husikia vizuri ngurumo ya lori, ila "fika" na "shika" kwake ni neno moja. Ukimkuzia sauti zote sawasawa, lori litamtesa na maneno bado yatampotea. Kwa hiyo nenda idara ya masikio, pua na koo, kama ile ya Hospitali ya Bugando, upimwe upya hata kama una cheti cha zamani.

Kizibo cha sikioni nacho kichongwe upya. Mtaalamu humulika kwanza ndani, huweka sponji ndogo yenye uzi kuikinga ngoma ya sikio, kisha hujaza silikoni laini na kusubiri dakika chache igande. Akikuambia ufungue na kufunga mdomo, fanya hivyo, maana njia ya sikio hubadilika umbo taya likicheza. Kizibo kilicholegea huvujisha sauti, ikairudia maikrofoni, na hapo ndipo ule mluzi unapozaliwa. Kwa mtoto anayekua kizibo hubadilishwa mara kwa mara.

Aliyezoea kifaa cha kizamani hulalamika kuwa kipya "hakina nguvu", kwa sababu kipya huzipunguza sauti kubwa na kuziinua ndogo. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Anza kwa saa chache nyumbani, kisha ongeza. Andika kila mahali uliposhindwa kusikia: dukani, ibadani, ndani ya daladala ya Buzuruga. Rudi na orodha hiyo baada ya wiki mbili au tatu. Mtaalamu ataitumia kurekebisha sauti upya kwenye kompyuta, na marekebisho hayo ni sehemu ya huduma uliyolipia.